Siku Adui Yako Anapoingia Pangoni

Neno: 1 Samweli 24, 25 na 26. Soma sura zote tatu nyumbani kabla ya ushirika wa Jumatano.

 

Wengi wenu, hasa wale wa ibada ya kwanza ambao mvua ilipiga mabati mpaka hawakusikia kitu, mmeniomba niandike lile somo la Jumapili. Nimeliandika karibu vile nilivyolihubiri. Pale nilipopaza sauti mtanisamehe, karatasi haina spika.

Kabla ya pango la sura ya 24, kuna pango lingine katika sura ya 22, linaitwa Adulamu. Daudi anamkimbia Sauli, na watu wanaanza kumfuata huko mafichoni. Biblia haifichi ni watu wa aina gani. Ni wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, jumla yao kama mia nne. Nikisoma hapo huwa nacheka kidogo, maana ni kama mtu amefungua rejista ya kanisa letu. Yuko mwenye deni la sacco. Yuko ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Yuko mama aliyechuma chai miaka kumi na minane, mgongo ukapinda, halafu mashine ikaja akaambiwa hakuna kazi. Yuko mkulima ambaye bonasi yake ilifika ikakuta mbolea na mkopo vimeshaingoja mlangoni. Kama uko hapo, karibu. Hilo ndilo kundi ambalo Mungu alimpa Daudi, na ni kutoka humo walitoka mashujaa wake.

Sasa twende En-gedi. Watu wa Daudi wameongezeka, ni kama mia sita. Sauli anakuja na watu elfu tatu waliochaguliwa, amwinde mtu mmoja tu. Njiani Sauli anashikwa na haja. Anaingia ndani ya pango peke yake, bila mlinzi, na Daudi na watu wake wamejificha ndani kabisa ya pango lile lile. Mfalme amechuchumaa. Watoto wameanza kucheka hapo nyuma, na wacheke, ni Biblia, si mimi.

Wale wanaume wanamnong'oneza Daudi kwamba hii ndiyo ile siku Bwana aliyosema atamtia adui yako mkononi mwako. Mpendwa, nimesoma sura zote zinazotangulia. Soma na wewe. Hakuna mahali Mungu alimwambia Daudi kwamba siku moja nitakuletea Sauli umuue. Ahadi ya ufalme iko, ndiyo. Ahadi ya kisu haiko. Unabii huo ulitoka kwa wanaume wenye njaa, waliolala kwenye mawe miezi mingi, na kila mmoja alikuwa na mtu wake kule nyumbani aliyemtesa.

Nataka tukae hapo, kwa sababu hapo ndipo sisi watu wa Kericho na Bomet tunapimwa. Shida haiji mikono mitupu. Huja na ruhusa. Inakuambia kwamba umeonewa vya kutosha, kwa hiyo leo kile ambacho kingekuwa dhambi kwa mtu mwingine si dhambi kwako. Halafu inakuletea rafiki wa kukuambia ni Mungu. Imani ya kweli wakati wa taabu ni kuikataa hiyo ruhusa. Kuomba sana ni vizuri. Kufunga ni vizuri, na kesha letu la mwisho wa mwezi liko pale pale. Lakini Daudi hakupimwa kwa kinanda chake siku ile. Alipimwa gizani, kisu mkononi, adui amempa mgongo.

Wacha niseme ya 2007, maana tukiwa wenyewe huwa tunayazunguka.

Baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, nchi hii ilipoteza watu 1,133, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Walikuwa wamekimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Lilikuwa kanisa la Kipentekoste kama letu, na waliolichoma wengi wao walikuwa wamelelewa kwa nyimbo zile zile. Hapa kwetu watu walifukuzwa kwenye kambi za mashamba ya chai. Wakisii, Wajaluo, Waluhya, watu tuliochuma nao mistari ile ile ya michai, tukapanga foleni nao pale kwenye mizani. Wengine walilala katikati ya michai usiku wa baridi yetu hii. Wako waliouawa. Wako akina mama waliotendwa mabaya. Tarehe 31 Januari mbunge wetu wa Ainamoi, David Kimutai Too, akapigwa risasi Eldoret, moto ukawaka upya hapa.

Miaka ikapita, kesi ya watu 218 wa shamba moja la Kericho ikafika London, wakidai kampuni haikuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani huko ikasema kampuni mama haiwezi kushtakiwa kule kwa jambo hilo. Mimi si wakili. Hilo nawaachia mahakimu. Ninachojua ni kwamba tumeongea sana juu ya nani hakuwalinda, na kidogo sana juu ya nani alikuwa anawakimbiza.

Sisi Wakipsigis tulikuwa na malalamiko ya kweli, na sitaki mtu aseme mchungaji ameyadharau. Wazee wetu walitolewa kwenye hii ardhi ili chai ipandwe. Ukoo wa Talai ulihamishwa na Mwingereza katika miaka ya 1930 mpaka Gwassi, mahali pa mbung'o na malaria. Hayo yote ni kweli. Sauli naye alikuwa mwonevu wa kweli, si wa kuwaziwa. Alikuwa ameua makuhani 85 kwa siku moja kule Nobu. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuawa pangoni, ni huyo. Na hata hivyo Daudi akasema hapana. Sasa yule fundi cherehani Mkisii aliyekuwa jirani yako, yeye alimuua kuhani gani?

Tena wako miongoni mwetu waliosema hapana. Ninajua boma ambalo familia ya watu sita ilifichwa kwenye ghala la mahindi siku tisa. Vijana walikuja mara mbili na mienge, na mama wa boma lile, mzee sasa, akasimama mlangoni akiwauliza mmoja mmoja jina la mama yake. Hataki nimtaje. Anakaa safu ya nne upande wa kulia na huwa hashuhudii, kwa sababu anasema alifanya tu kazi ya jirani. Watu wa Mungu, ndiyo hiyo.

Turudi kwa Daudi. Sura ya 24 ameshinda vizuri. Amemwacha Sauli, amekata tu upindo wa vazi lake. Ungefikiri sasa mtu huyu amekomaa, hakuna jaribu litamweza. Geuza ukurasa.

Sura ya 25 ina tajiri anaitwa Nabali. Kondoo elfu tatu, mbuzi elfu moja. Msimu wa kukata manyoya umefika, ndiyo kusema msimu wa bonasi. Watu wa Daudi wamelinda mifugo ya huyu mzee kule nyikani, hakuna hata mmoja aliyepotea. Daudi anatuma vijana kumi kwa heshima kabisa, salamu kwanza, wanaomba chochote kitakachopatikana. Nabali anawatukana. Anauliza Daudi ni nani, siku hizi si watumwa wengi wanatoroka mabwana zao! Anawarudisha mikono mitupu.

Na Daudi, yule yule wa pangoni, anasema kila mtu avae upanga wake. Watu mia nne wanashuka. Anaapa kwamba kufika asubuhi hataacha mwanamume hata mmoja hai kwa Nabali. Wachungaji, wapishi, vijana wa mkono ambao hawakujua hata nini kilisemwa, wote.

Umeona? Mfalme aliyetaka kumuua, alimsamehe. Mtu aliyemnyima malipo, anataka kumaliza ukoo wake. Mimi jambo hilo linanifundisha kuliko lile la pango. Majaribu makubwa huja na sauti, unayatambua, unaita wazee mnaomba. Lakini la mshahara! La kilo! La bonasi! Hapo wokovu wetu huwa mwembamba kama chandarua cha mwaka juzi.

Hatusemi uonevu haupo. Wakulima wa upande wetu wamelia kwamba kilo yao inalipwa kidogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, na majani ni yale yale mawili na chipukizi. Wafanyakazi wa mashamba makubwa wamepigana na mashine za kuchuma tangu zamani, kwa migomo na kwa korti, kupitia chama chao. Mei 2023 mashine zikachomwa hapa Kericho, na katika zile vurugu mtu akafa. Nilizika watu msimu ule wa njaa, najua hasira ilitoka wapi. Lakini niulize, na unijibu nyumbani: yule askari wa zamu anayelinda mashine usiku, analipwa shilingi ngapi? Ni mwana wa nani? Ukishuka na watu mia nne kwa sababu ya Nabali, wa kwanza kukutana na upanga wako hatakuwa Nabali. Atakuwa mchungaji wa mbuzi zake.

Na kuna ruhusa ndogo ndogo ambazo hazichomi kitu. Karani wa kituo cha kununulia majani anaona mshahara wake hautoshi, basi anakata kilo moja kwa kila gunia, anasema ni maji. Kilo moja tu. Mkulima naye anaona anaibiwa, basi anamwagia majani maji, au anaweka yale mazee chini ya gunia na mazuri juu. Wote wawili tunawaona hapa Jumapili, wameinua mikono. Kila mmoja ana Sauli wake wa kumlaumu. Mithali inasema Mungu anaichukia mizani ya udanganyifu, na haikuongeza kwamba isipokuwa mwaka ambao bei imeshuka.

Sasa nitasema neno gumu kwa wanaume wenye vyeo. Februari 2023 BBC ilionyesha dunia nzima mambo ya mashamba yetu ya chai. Wanawake zaidi ya 70 waliwaambia kwamba wametendewa mabaya na wasimamizi wao ili wapate kazi au waendelee na kazi. Tulishtuka? Ni wageni walioshtuka. Sisi tulikuwa tunajua, tukaita mambo ya kambi. Ndugu supavaisa, ndugu nyapara, wewe hukuwa Daudi katika hadithi hii, wala Sauli hukuwa. Wewe ulikuwa umebaki na mtu gizani, yuko mkononi mwako, hana mlinzi, ana watoto wa kulisha. Hilo ndilo pango. Kama umo katika hilo leo, usinijie na sadaka. Acha kwanza.

Mtu aliniuliza nje baada ya ibada, na ni swali zuri: kwa hiyo Mchungaji unataka tunyamaze? Hapana, hapana kabisa. Angalia Daudi alifanya nini baada ya Sauli kutoka. Alitoka naye, akasimama mahali anaonekana, akamwita kwa sauti mbele ya askari elfu tatu, akamwambia kosa lake waziwazi na kuonyesha ushahidi mkononi. Akamwita Mungu awe hakimu. Huko si kunyamaza. Wewe nenda kwa mkutano wa kiwanda chako cha chai, usiache kiti chako kikaliwe na mtu aliyenunuliwa soda. Uliza hesabu. Ukipiga kura ya wakurugenzi, usiuze. Jiunge na chama cha wafanyakazi na ulipe ada. Mama, ukitendewa neno na bosi wako, njoo na mama mchungaji mwende polisi pamoja, na kanisa litasimama nawe hata kama bosi ni mzee wa kanisa. Andamana mchana, ukiwa na jina lako. Kinachokatazwa pangoni ni kile unachoweza kufanya kwa sababu tu ni giza.

Nani alimzuia Daudi siku ya Nabali? Si nabii. Ni mwanamke, Abigaili, mke wa yule mpumbavu. Hakusubiri ruhusa ya nyumba. Alipakia punda mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu kavu, tini, akashuka mlimani kukutana na panga mia nne. Na neno alilomwambia Daudi ni neno la mtu anayeona mbali. Alimwambia siku Mungu atakapokupa ufalme, usiwe na hii damu ya kukusumbua moyoni. Akina mama wa Chama cha Akina Mama, hiyo ni kazi yenu. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na tayari vijana wanapewa pesa ndogo ndogo za kukaa tayari. Wewe ndiye unayejua kijana wako amerudi saa ngapi na ana shilingi elfu ambayo hakuifanyia kazi. Muulize. Mfuate mpaka sokoni kama ni lazima.

(Nabali mwenyewe alikufa kama siku kumi baadaye, Mungu alimpiga. Tafadhali, nimesikia tayari kuna mtu anafunga siku kumi kwa ajili ya meneja. Si hilo nililohubiri.)

Mwisho niwapeleke kwa kile kipande cha nguo.

Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli, kidogo tu, na moyo wake ukampiga. Angesema jamani, si nimemwachia uhai? Kitambaa ni nini? Lakini kile kitambaa kilikuwa cha mtu mwingine, na kilimchoma mkononi mpaka akatoka nacho nje akakiinua juu mwenye nguo akione.

Katika nyumba zetu kuna vipande. Nimeingia katika nyumba hizi kuombea wagonjwa na kubariki ndoa, na mara nyingine naona kabati ambalo hakuna mtu anasema lilinunuliwa wapi. Kuna mabati yaliyoezeka jiko tangu 2008. Kuna ng'ombe ambao wajukuu wao bado wanakamuliwa. Kuna vijishamba kule mpakani vilivyosogea. Tumeomba toba ya jumla, tumelia madhabahuni, wanasiasa wakapeana mikono, na kabati limebaki pale pale.

Zakayo hakuombewa tu. Alisimama akasema nusu ya mali kwa maskini, na yeyote niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Yesu aliposikia hesabu hiyo ndipo akasema wokovu umefika katika nyumba hii.

Ndugu mmoja wa kanisa letu, amenipa ruhusa niseme bila jina, alikuwa na cherehani. Miaka sita alikaa nayo, mkewe aliitumia kushona sare za shule. Aliokoka, na ile cherehani ikaanza kumnyima usingizi. Akaulizauliza, akampata mwenyewe upande wa Keroka, au tuseme mjane wake, maana mzee alikuwa ameshafariki. Tulienda naye kwa matatu, cherehani imefungwa kwa gunia. Yule mama alitoka, akafunua gunia, akaipapasa ile gurudumu. Hakulia. Hakusema asante, hakutukaribisha chai. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ile ndiyo iliyokuwa na ufa kwenye meza yake. Ndugu akasema ndiyo. Mama akamwita mwanawe wakaiingiza ndani, akafunga mlango, nasi tukabaki uani na kuku.

Njiani kurudi yule ndugu akaniuliza, Mchungaji, sasa je? Amenisamehe ama hajanisamehe? Nikamwambia sijui. Tulienda kurudisha cherehani, na cherehani imerudi. Msamaha ni wake yule mama, ataupeana siku atakayotaka, au asipotaka. Alinyamaza mpaka Sotik. Halafu akaniambia kuna pia pasi ya makaa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Alhamisi kuanzia saa kumi jioni nitakuwa ofisini, peke yangu na mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Ingia kwa mlango wa upande wa jikoni. Hatutaandika jina lako popote. Kama kitu bado kipo, kuna ndugu amejitolea pikapu, mafuta tutachangia. Kama kilishauzwa, njoo na bei yake, hata kidogo kidogo, hata ikichukua bonasi tatu. Kama ni shamba, hilo tutaliita kokwet na wazee wa pande zote mbili, halitaisha siku moja. Na kama hujui mwenyewe alihamia wapi, njoo na jina lake tu. Mchungaji mwenzetu wa Borabu amekubali kutusaidia kuuliza.